Barua ya Onyo kwa Mama Mkwe

Watu wengi wakishavua koti la kazi, kazi nayo imekwisha mpaka kesho. Mkaguzi yeye alivua koti tu. Kazi alirudi nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo, na siku alipojaliwa mtoto akaanza kumlea nayo.

Alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha maziwa, mwaka wa tisa sasa. Kila nusu saa alipita kwenye matangi ya chuma, kofia ya nailoni kichwani na kipimajoto mkononi, akasoma joto, akaandika, akatia sahihi. Pale kiwandani kulikuwa na sheria moja iliyobandikwa kila ukuta, hata chooni: kisichoandikwa hakijafanyika. Wenzake waliichekea chinichini. Yeye aliiamini kabisa, na alikuwa na sababu. Aliwahi kumkamata mtu wa zamu aliyejaza karatasi ya joto kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa mkupuo mmoja, kisha akaenda kujipumzisha kivulini. Maziwa ya siku ile yalimwagwa yote. Yule bwana alipewa barua ya onyo, akapewa ya pili, na ya tatu ikawa ya kwaheri. Zote tatu aliziandika Mkaguzi, na hakuna hata moja iliyomkosesha usingizi.

Jina hilo la Mkaguzi alipachikwa na mumewe, fundi umeme aliyekuwa na maneno mengi kuliko nyaya. "Mkaguzi," angemwambia asubuhi, "onja chai hii uniambie kama imepita au irudishwe jikoni." Naye angeonja, akakunja uso kama yuko kazini, akasema imepita kwa shida. Walikuwa wanapatana vizuri, hilo niliseme mapema asije mtu akadhani nyumba ile ilikuwa ya ugomvi.

Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alizaliwa mnene wa kupendeza, viwiko havionekani kwa nyama. Wakamwita Kibonge, na jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti. Likizo ya uzazi ilipokwisha, fundi akamleta mama yake aje kukaa na mjukuu.

Bibi huyu alikuwa mpishi wa shule mstaafu. Kwa miaka ishirini na sita alilisha watoto mia nne kwa siku, na jioni akarudi kuwalisha watano wa kwake. Alifika na mfuko mmoja wa nguo na miwani iliyofungwa uzi sikioni, akampakata Kibonge, akamgeuzageuza kama anachagua tikiti maji sokoni, akasema, "Huyu hana taabu. Huyu anataka mtu tu."

Mkaguzi alifurahi, na alifurahi kwa dhati. Lakini furaha haikumzuia kubandika karatasi kwenye mlango wa friji. Aliichora mwenyewe kwa rula. Safu ya kwanza saa, ya pili maziwa na kiasi chake, ya tatu usingizi, ya nne nepi, ya tano sahihi ya mhusika. Mwisho kabisa, upande wa kulia, ilikuwepo safu ya maelezo mengine, ambayo kiwandani hakuna aliyewahi kuijaza isipokuwa kwa neno "hakuna". Aliinakili kwa mazoea tu.

"Na hapa ndipo natia sahihi?" Bibi aliuliza.

"Kila saa, Mama. Si kwamba sikuamini. Ni utaratibu tu, nikirudi nijue siku imeendaje."

"Ungeniuliza tu, mwanangu, ningekusimulia."

"Ya mdomoni mtu husahau, Mama."

Bibi akamtazama mjukuu, akamtazama mkaza mwanawe, akasema, "Haya, sawa."

Maisha yakashika njia yake. Alfajiri Mkaguzi alijikamua maziwa, akayapanga kwenye friji kwa tarehe, akambusu Kibonge utosini na kukimbilia kazini. Jioni alirudi, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, na kabla hajamshika mtoto alisimama mbele ya friji na kalamu nyekundu. Alipitisha jicho kwenye tarakimu, akajumlisha chupa na nepi, akatia vema. Ndipo alipogeuka na kusema, "Haya, nipe mwanangu." Bibi alimpa. Siku nyingine Bibi alifungua kinywa aseme jambo, lakini Mkaguzi alikuwa ameshasoma kila kitu kwenye friji, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuzungumza sana.

Jioni moja, Mkaguzi alipovua ile kofia ya nailoni, nywele zikasimama wima kichwani. Kibonge akamtazama, akaduwaa, kisha akaangua kicheko. Kicheko cha sauti, tumbo likatikisika. Mkaguzi alilia kwa furaha. Alimpigia simu mumewe, akampigia dada yake, akampigia mpaka msimamizi wa zamu ambaye hakuwa na mtoto wala hamu ya kuwa naye. "Amecheka kwa mara ya kwanza," aliwaambia wote, "na amenicheka mimi." Bibi alipiga makofi pale kwenye mkeka. "Hongera, Mama Kibonge," alisema. "Amekungoja wewe."

Basi siku moja mashine kubwa ya kiwandani ikaharibika, watu wakaruhusiwa mapema. Mkaguzi alifika nyumbani saa nane na dakika kumi mchana. Bibi alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, Kibonge amelala chali juu ya magoti yake anahesabiwa vidole vya miguu. Mkaguzi akawasalimu, akanawa mikono, akasimama mbele ya friji kama kawaida yake.

Karatasi ilikuwa imejazwa yote. Saa tisa, amekunywa nusu chupa, sahihi. Saa kumi, amelala, sahihi. Saa kumi na moja, bado amelala, nepi imebadilishwa kabla ya kulala, sahihi. Mkaguzi akaangalia saa ya ukutani, akaangalia saa ya mkononi, kisha akatazama tena karatasi. Alichokiona pale hakikuwa friji yake wala nyumba yake. Aliliona tangi la chuma, na maziwa yanayomwagwa.

"Mama, hii karatasi umeijaza saa ngapi?"

"Mchana huu, mwanangu, baada ya kumwogesha. Unajua ikifika saa kumi huyu—"

"Sasa ni saa nane, Mama."

"Ndiyo, naona. Nilitaka kukwambia kwamba akishashika usingizi—"

Mkaguzi akanyanyua mkono, kiganja mbele, kama anavyofanya kazini. "Maelezo unaweza kuyatoa kwa maandishi," alisema.

Laiti angeishia hapo, pengine mambo yangetengenezeka. Hasira za nyumbani huja zikaenda. Lakini alivuta kiti, akakaa mezani, akachukua karatasi safi na kuandika kwa mwandiko ule ule ulionyooka uliomfukuzisha kazi mtu wa zamu:

"YAH: ONYO LA KWANZA LA MAANDISHI. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Leo saa nane na dakika kumi mchana imebainika kuwa umejaza kumbukumbu za saa tisa, saa kumi na saa kumi na moja kabla ya saa hizo kufika. Kitendo hiki ni kinyume cha utaratibu na kinahatarisha afya ya mtoto. Unatakiwa kujirekebisha mara moja. Kosa hili likirudiwa, hatua zaidi zitachukuliwa." Chini akaweka nafasi ya sahihi, na chini zaidi akaandika: "Nakala: Baba wa mtoto."

Na nakala kweli akaiandika.

Bibi aliomba miwani yake. Aliisoma barua polepole, kidole kikifuata mistari, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika mwisho akarudi juu, akaisoma tena. Kibonge alikuwa ameushika uzi wa miwani anauvuta, naye Bibi hakumzuia.

"Nisaini hapa?" aliuliza.

"Hapo, Mama."

Akasaini, na nakala pia. Kisha akafanya kazi zake zote za siku ile, asisahau hata moja. Saa tisa alimpa Kibonge maziwa na kwenda kuandika. Saa kumi mtoto alilala, akaenda kuandika, mtoto akaamka akilia, akaandika kwamba ameamka. Asubuhi yake alitoka chumbani na mfuko wake wa nguo.

"Naomba ruhusa nikaangalie nyumba yangu," alisema.

"Kwa siku ngapi, Mama?"

"Nitaangalia, mwanangu."

Fundi aliikuta nakala yake juu ya meza. Alipoanza kuisoma alicheka, akadhani mkewe naye kaamua kutania kwa mara moja. Alipofika kwenye sahihi ya mama yake kicheko kikamkauka.

"Hii umempa kweli?"

"Alijaza kabla ya wakati."

"Ungemgombeza ningeelewa," fundi alisema. "Watu wa nyumba moja hugombana. Lakini barua? Mama yangu amepika miaka ishirini na sita, hajawahi kupewa barua na mtu." Akaikunja ile nakala mara nne, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo aliacha kumwita mkewe Mkaguzi. Akawa anamwita Mama Kibonge, kwa adabu, na chai haikuletwa tena kuonjwa.

Mkaguzi akaomba ruhusa ya dharura kazini, akabaki na mwanawe. Siku tatu za kwanza Kibonge aliigomea chupa, akagomea usingizi, akawa anageuza shingo kuelekea mlango wa chumba alichokuwa akilala Bibi. Siku ya nne akachoka kungoja, akaanza kula na kulala. Mama yake akaandika kila kitu kwa wakati wake. Angalau karatasi sasa ni ya kweli, alijiambia, na akajilazimisha kuridhika.

Siku ya sita, saa tisa mchana, Kibonge alikunywa nusu chupa akaisukuma. Saa kumi alianza kusinzia. Mkaguzi akamlaza kitandani, mtoto akaamka. Akamlaza tena, akaamka tena. Akampandisha kifuani, shavu likakaa juu ya mfupa wa bega, na mtoto akazama usingizini hapohapo. Mkaguzi alisubiri kidogo, kisha akajaribu kunyanyuka aende kwenye friji akaandike. Kibonge akashtuka na kuanza kulia. Akakaa. Mtoto akatulia. Akajaribu tena taratibu, inchi kwa inchi, mambo yakawa yaleyale. Friji ilikuwa hatua saba kutoka pale alipokaa, na kalamu aliiona inaning'inia kwa uzi wake. Alikaa mpaka saa kumi na moja na nusu, mkono umekufa ganzi, na muda wote huo hakuandika neno.

Alipopata nafasi alikwenda kwenye droo alikohifadhi karatasi za zamani, maana alihifadhi zote kwa tarehe. Akaitoa ile ya siku ya onyo, akaiweka sambamba na ya leo. Saa tisa, nusu chupa. Saa kumi, amelala. Saa kumi na moja, bado amelala. Akatoa za wiki nzima. Mchana wa Kibonge ulikuwa uleule siku zote, na Bibi aliujua kwa moyo kiasi cha kuweza kuuandika kabla haujafika, ili ukifika awe na mikono miwili ya kumshikia mtoto. Hapakuwa na uongo wowote katika karatasi ile. Kulikuwa na mtu anayemjua mwanawe kuliko yeye.

Hilo peke yake lingetosha kumtia simanzi. Lakini macho yake, yasiyo na haraka kwa mara ya kwanza, yakateleza mpaka safu ya mwisho kulia.

Ilikuwa imejaa. Kila siku, kila karatasi, kwa herufi ndogo za kubanana. "Leo ameugundua mguu wake. Ameushika, umemponyoka, amegomba." "Ulipofunga mlango alikutafuta kwa macho mpaka dirishani. Hakulia, alikutafuta tu." "Nimemwimbia nyimbo zote ninazozijua zikaisha, nikarudia za watoto wa shule." "Hapendi kufutwa pua. Kama baba yake." "Mwanangu, rangi ya macho yake imebadilika, mtazame vizuri jioni kukiwa bado na mwanga." Miezi miwili ya mwanawe ilikuwa imebandikwa pale jikoni, mbele ya pua yake, na kila jioni alisimama mbele yake akahesabu nepi.

Akaendelea kusoma, na hapo akakuta mstari wa Jumanne moja: "Leo amecheka kwa sauti mara ya kwanza. Paka wa jirani alikuwa dirishani. Nimefurahi halafu nimesikitika kuwa hupo."

Mkaguzi akatafuta tarehe. Ilikuwa siku kumi na moja kabla ya ile jioni ya kofia. Kabla ya zile simu zote. Bibi alikuwa amekaa mkekani akimsikiliza mkaza mwanawe akitangaza dunia nzima kwamba ni yeye aliyechekwa kwanza, na alipiga makofi, akasema amekungoja wewe, na hakutia neno. Mkaguzi alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, akashika tama, akajuta majuto ya kweli, yale yanayompata mtu akatamani siku irudi nyuma apite njia nyingine.

Alijaribu kuandika kuomba radhi. Mara tatu kalamu ilianza na "YAH:" yenyewe, na mara tatu akachana. Jumapili akamwambia mumewe, "Twende kwa Mama."

"Nenda wewe," fundi alisema, bila ukali. "Barua haikuwa na jina langu juu. Lilikuwa chini, kwenye nakala."

Akambeba Kibonge akaenda. Bibi aliishi upande wa pili wa mji, vyumba viwili na uwanja mdogo uliofagiliwa. Alikuwa nje anaanua nguo. Alipowaona aliweka nguo begani, uso ukamkunjuka wote.

"Karibuni, karibuni wageni wangu," alisema.

Neno hilo la wageni lilimchoma Mkaguzi, lakini aliingia. Akapewa kiti kizuri, kile chenye mto. Hakukikalia. Alimlaza mtoto juu ya mto, yeye akapiga magoti sakafuni mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, nimekukosea. Sikukusikiliza. Nilikufanya mtu wa zamu ndani ya nyumba ya mwanao. Nimesoma uliyoyaandika, yote, sasa hivi ndiyo nimeyasoma. Nakuomba unisamehe, na nakuomba urudi."

"Inuka, mwanangu, sakafu ina baridi." Bibi alimshika mabega, akamnyanyua. "Nilikusamehe siku ileile. Ningeweka kinyongo na mama wa mjukuu wangu nikipeleke wapi? Hilo limekwisha."

"Basi utarudi?"

Bibi alikaa kitandani, akawa anakunja nguo alizoanua. Alikunja gauni, akakunja shuka.

"Nitakuja kuwaona," alisema. "Kukaa na mtoto, hapana. Si hasira, usidhani. Ile siku ya mwisho baada ya barua, nilipomshika mtoto nilikuwa naangalia saa. Nikimlisha, naangalia saa. Nikawaza nitakosea wapi tena. Nimelea watano na sijawahi kuwaza hivyo. Sasa nikimfikiria huyu, jambo la kwanza linalonijia ni kukosea." Akalainisha shuka kwa kiganja. "Mtoto halelewi na mtu anayemwogopa."

Kwenye kiti Kibonge akaanza kunung'unika, na manung'uniko yakawa kilio. Mkaguzi hakumfuata makusudi. Alimtazama mama mkwe wake kwa macho ya kuomba.

Bibi aliinuka. Kwanza alikwenda kwenye ndoo ya maji pembeni akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akajifuta kwa taulo safi. Ndipo aliposimama mbele ya kiti, mikono ameitanguliza hewani, haijamgusa mtoto.

"Naruhusiwa kumbeba?" aliuliza. Na hakukuwa na kijembe chochote ndani ya sauti yake. Mkaguzi alikitafuta, angefurahi kukikuta.

"Mama, mbebe tu. Ni wako."

Bibi akambeba, kwa uangalifu mkubwa, kama chombo cha watu. Kibonge alimtazama usoni kidogo, akazidisha kilio.

"Nimweke bega gani?"

"Lolote, Mama. Fanya ulivyokuwa unafanya. Wewe ndiye unayejua."

"Hapana, wewe ni mama yake," Bibi alisema kwa upole. "Wewe sema, mimi nitafanya."

Mkaguzi akafungua kinywa. Hakujua. Mtoto alilia, Bibi alingoja, na ilibidi mtu aseme kitu.

"La kushoto," alisema, akibahatisha.

Bibi akamhamishia bega la kushoto, kama alivyoambiwa, kisha akasimama katikati ya chumba chake, mtoto analia begani kwake, akimtazama mkaza mwanawe na kungoja maelekezo mengine.